Matatizo ya Kuchanganya Sindano za Unga kwa Maji Yenye Kihifadhi: Dalili, Visababishi na Hatua za Kuchukua

Dawa nyingi za sindano zilizo katika jamii ya peptidi (vipande vifupi vya protini) na homoni huuzwa zikiwa unga mkavu, uliogandishwa na kukaushwa kiwandani, kwa kuwa zikikaa katika hali ya majimaji huharibika upesi. Miongoni mwake ni homoni ya hCG wanayopewa wanawake na wanaume wanaotibiwa ugumba, homoni ya ukuaji wanayopewa watoto wanaochelewa kurefuka, na setroreliksi, peptidi inayozuia yai lisitoke kabla ya wakati wake. Daktari huandika, muuguzi huonyesha mara ya kwanza, kisha mgonjwa hurudi kwake Makorora, Muheza au Pangani akiwa na kichupa cha unga, maji ya kuchanganyia, mabomba ya sindano na karatasi ya maelezo. Matatizo huanzia hapo, na ndiyo yanayoletwa kwenye dirisha la duka la dawa ninakofanyia kazi hapa Ngamiani, Tanga, karibu yaleyale kila mara.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuandikiwa dawa na kufundishwa kujichoma. Hauchukui nafasi ya mafunzo hayo. Chini ya kila dalili nimeanza na kisababishi kinachotokea mara nyingi zaidi na ukaguzi usiohitaji chochote zaidi ya macho na mwanga, kisha nimekwenda kwenye visababishi vya nadra. Palipoandikwa kwamba dawa isichomwe, isichomwe hata kama kichupa kilinunuliwa kwa fedha nyingi. Najua bei za dawa hizi na najua familia zinazochangishana ili zipatikane, lakini sindano ikishaingia mwilini hairudi.

Maji uliyo nayo huenda siyo yanayotakiwa

Swali linalorudi dirishani ni hili: "Dokta, maji ya sindano si ni maji tu?" Jibu ni hapana, na sehemu kubwa ya matatizo yaliyoelezwa huko mbele hutokana na hapo.

Yako maji ya aina mbili. Ya kwanza ni maji safi ya sindano yasiyo na kihifadhi, ambayo kwa kawaida huwa katika ampuli za plastiki za mililita 5 au 10 zenye maandishi ya Kiingereza "Water for Injections". Haya ndiyo maji ambayo maduka mengi ya dawa huyatoa mtu akiomba maji ya sindano. Hutumika mara moja tu: ampuli ikikatwa, kiasi kinachohitajika huvutwa na kinachobaki humwagwa. Aina ya pili ni maji yenye kihifadhi, ambayo huja katika kichupa chenye kizibo cha mpira na kifuniko cha bati, na lebo yake huwa na neno "bacteriostatic" pamoja na "benzyl alcohol 0.9%", yaani miligramu 9 za alkoholi ya benzili katika kila mililita. Kihifadhi hicho huzuia bakteria wasizaliane, na kwa sababu hiyo kichupa kinaweza kuchomwa sindano safi zaidi ya mara moja. Hata hivyo hakiui kila kijidudu, hakizuii virusi, na hakisafishi uchafu ulioingizwa kwa sindano iliyokwisha kutumika. Kwa hiyo kichupa kimoja ni cha mtu mmoja, wala hakichangiwi hata kati ya mume na mke wanaotibiwa pamoja.

Kosa linaloonekana zaidi ni la mtu kukosa maji yenye kihifadhi, akanunua ampuli ya plastiki, akachanganya dawa ya siku kadhaa na kuiweka kwenye friji. Mchanganyiko huo hauna cha kuzuia bakteria, na friji hupunguza tu kasi yao. Ikiwa karatasi ya maelezo inataja maji yenye kihifadhi na wewe umepata yasiyo nayo, usichanganye kabla ya kumuuliza mfamasia, kwa sababu baadhi ya dawa huruhusu maji yasiyo na kihifadhi kwa sharti kwamba dozi moja itumike papo hapo na kilichobaki kitupwe.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Mtu amepewa dawa ambayo pakiti yake ina maji yake maalumu, naye akaamua kutumia yenye kihifadhi kwa kuamini kuwa ni bora. Setroreliksi, kwa mfano, hutolewa na bomba lililokwisha kujazwa maji safi na hutumika mara tu inapoyeyuka. Dawa nyingine huyeyushwa kwa maji yenye chumvi ya sodiamu kloraidi. Alkoholi ya benzili inaweza kuzifanya baadhi ya protini zishikamane, na hapo dawa hupoteza nguvu bila jicho kuona lolote. Maji yaliyomo ndani ya pakiti ndiyo ya kutumia.

La tatu halitokei sana, lakini ni baya kuliko yote: maji ya chupa ya kunywa, maji yaliyochemshwa nyumbani, au mabaki ya dripu iliyokwisha kufunguliwa. Kuchemsha huua vijidudu vingi, ila hakuondoi chumvi wala mabaki ya bakteria waliokufa, na mabaki hayo yakiingia mwilini kwa sindano huleta homa kali na baridi ya kutetemesha. Aliyekwisha kujichoma mchanganyiko wa namna hiyo asisubiri homa ianze. Aende kituo cha afya na kueleza wazi alichokitumia.

Maji yenye kihifadhi hayafai kwa mtoto mchanga, na hasa njiti. Mwaka 1982 nchini Marekani zilitolewa taarifa za vifo vya watoto wachanga 16 vilivyohusishwa na alkoholi ya benzili iliyokuwemo katika maji waliyopewa hospitalini; miili yao haikuweza kuivunja kemikali hiyo, damu ikawa na tindikali nyingi, wakaishia kutweta kwa kukosa pumzi. Mjamzito, anayenyonyesha, na yeyote aliyewahi kupata mzio wa alkoholi ya benzili amwambie daktari kabla ya kichupa kufunguliwa.

Unga hauyeyuki, au umebaki vipande

Mara nyingi kinachokosekana ni muda tu. Unga mwingine huyeyuka mara tu unapoguswa na maji, mwingine huhitaji dakika kadhaa za kutulia. Weka kichupa mezani kikiwa wima, subiri dakika tano, kisha kizungushe taratibu kati ya viganja viwili na ukitazame tena mbele ya mwanga. Rudia hivyo mara mbili au tatu kabla ya kuingiwa na hofu.

Kisababishi kinachofuata ni baridi. Kichupa kilichotolewa kwenye friji na kutiwa maji saa hiyohiyo huyeyuka kwa uzito. Kiache kwanza nje pamoja na maji yake kwa takriban robo saa, mbali na jua. Hapa pwani robo saa hutosha karibu mwaka mzima. Usikitumbukize katika maji ya moto, usikianike dirishani, wala usikisugue kwa nguvu ili kipate joto, kwa sababu joto unalolitafuta ndilo linaloweza kuvuruga umbo la protini.

Kagua pia kiasi cha maji. Karatasi ikisema mililita 1 nawe ukatia nusu yake ili sindano iwe ndogo, huenda maji hayatoshi kuuyeyusha unga wote. Kuongeza maji baadaye kunaweza kuuyeyusha, lakini hesabu ya dozi itakuwa imebadilika, na hilo lina sehemu yake huko mbele.

Kisababishi cha nadra zaidi ni unga ulioharibika kabla haujakufikia. Unga mzima huonekana kama keki nyepesi au tabaka jeupe lililokaa vizuri chini ya kichupa. Ukiukuta umesinyaa, umeloa, umegeuka kama gundi ukutani au umebadilika rangi kabla ya kutia tone la maji, basi unyevu au joto liliingia njiani. Kichupa cha namna hiyo hakitengenezeki. Kirudishe ulikokinunua kikiwa hakijafunguliwa, pamoja na risiti.

Povu jingi

Povu hutokana na kutikisa au na kuyapiga maji kwa kasi juu ya unga. Kiache kichupa wima hadi povu lishuke lenyewe, na usivute dawa kabla ya hapo, kwa kuwa utavuta hewa ukidhani ni dozi. Mara nyingine ielekeze sindano kwenye ukuta wa kioo ili maji yateremke polepole. Povu lililoshuka na kuacha majimaji maangavu halina neno. Likishuka likaacha ukungu au vinyuzi, soma sehemu inayofuata.

Mchanganyiko una ukungu, vinyuzi, chembe au rangi

Hapa tahadhari inahitajika kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu dalili ileile huweza kuwa hali ya kawaida ya dawa moja na ishara ya hatari kwa nyingine.

Anza na karatasi ya maelezo. Ziko dawa ambazo kwa asili yake haziwi angavu: penisilini ya benzathini huwa nyeupe kama maziwa baada ya kuchanganywa, na ndivyo ilivyo kwa leuprolaidi ya kukaa mwilini kwa muda mrefu, ambayo ni peptidi iliyofungwa ndani ya chembe ndogo sana. Seftriaksoni, ambayo si peptidi lakini wengi wameiona, huwa na rangi ya manjano na hilo ni jambo la kawaida. Kwa upande mwingine, hCG, homoni ya ukuaji na setroreliksi zinatakiwa ziwe angavu, zisizo na rangi au zenye rangi hafifu sana. Kwa hiyo swali la kwanza ni iwapo karatasi inasema majimaji yawe angavu. Hali ya kichupa cha jirani haikuhusu.

Ikiwa yanatakiwa kuwa angavu na si angavu, angalia kwanza kama ni viputo vya hewa. Viputo hupanda juu na kupotea baada ya dakika chache; chembe huzama au huelea mahali pamoja. Kishike kichupa mbele ya karatasi nyeupe, kisha mbele ya kitambaa cheusi, kwa maana chembe nyeusi huonekana kwenye nyeupe na chembe nyeupe huonekana kwenye nyeusi. Taa ya simu ikimulikwa kutoka ubavuni husaidia sana.

Chembe za kijivu, nyeusi au nyekundu zenye kingo kali mara nyingi ni vipande vya mpira wa kizibo. Hukatwa na sindano nene, au na kizibo kutobolewa mahali palepale mara nyingi. Mwenye mazoea ya kukita sindano wima kwa nguvu huvipata zaidi. Njia iliyo salama ni kuiingiza ncha ikiwa imelazwa kidogo, tundu lake likitazama juu, kisha kuisimamisha wima inapopenya. Mpira ukishakatika ndani, usijaribu kuuchuja kwa pamba. Kichupa hicho hakifai tena kuchomwa.

Vinyuzi vyeupe, utando au ukungu usiotulia ni protini iliyoshikamana. Hutokea baada ya kutikiswa sana, baada ya kuganda barafu, baada ya joto, au baada ya kukutana na maji yasiyofaa. Dawa ya namna hiyo imepungua nguvu, tena mwili unaweza kuiona kama kitu kigeni na kutengeneza kinga dhidi yake, hata dozi nzuri zitakazofuata zikakosa kufanya kazi. Kuichuja hakurudishi kilichopotea.

Kisababishi kisichotokea sana lakini kisichovumilika ni bakteria. Kichupa kilichokuwa angavu kwa siku kadhaa kisha kikaanza kufifia, bila kutikiswa wala kuganda, kichukuliwe kuwa kimeingia vijidudu hadi mtaalamu aseme vinginevyo. Kukosa harufu si ushahidi wa usalama, na majimaji yanaweza kuwa na bakteria wengi yakiwa bado angavu, ndiyo maana tarehe ina uzito kuliko macho. Andika kwenye lebo siku uliyokitoboa kichupa cha maji yenye kihifadhi kwa mara ya kwanza. Baada ya siku 28 kitupwe hata kikiwa kimejaa nusu. Dawa iliyochanganywa ina muda wake yenyewe, na ule ulio mfupi ndio unaofuatwa. Baadhi ya vichupa vya hCG hukaa wiki kadhaa kwenye friji baada ya kuchanganywa, vingine hutakiwa kutumika saa hiyohiyo, na karatasi iliyomo ndani ya pakiti yako ndiyo inayoamua.

Maji yanaingia yenyewe, yanarudi nje, au bomba halivuti

Vichupa vingi vya unga hufungwa kiwandani hewa ikiwa imenyonywa, hivyo maji huvutwa ndani mara sindano inapopenya. Hilo ni la kawaida. Kinachotakiwa ni kukishika kishinikizio cha bomba ili yasiingie kwa kasi. Ikiwa hakuna mvuto, si lazima kuwe na tatizo, kwa kuwa vingine hufungwa vikiwa na gesi ndani. Tazama kifuniko cha bati: kikiwa kimelegea, kimechubuka au kizibo kimezama, usitumie.

Maji yanaporudi au kuruka nje, shinikizo limezidi ndani. Kabla ya kuchomoa sindano, acha hewa yenye ujazo sawa na maji uliyotia irudi ndani ya bomba. Bomba lisipovuta, mara nyingi ncha ya sindano iko juu ya majimaji, ama kichupa kina upungufu wa hewa. Ingiza hewa safi yenye ujazo sawa na dozi kisha vuta.

Hujui uvute hadi mstari gani, au dozi ya mwisho haitoshi

Makosa ya sehemu hii hayaonekani kwenye kioo, lakini ndiyo yanayowafikisha watu hospitalini, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Chanzo kikuu cha mkanganyiko ni yuniti. Bomba la insulini la kawaida lina mistari hadi 100, na mistari hiyo 100 ni mililita 1. Namba zilizoandikwa juu yake ni yuniti za insulini, dawa iliyotengenezwa ikiwa na yuniti 100 katika kila mililita. Dawa yako si insulini. Lebo ya hCG huwa na herufi IU, yaani yuniti za kimataifa, na idadi yake haina uhusiano wowote na mistari ya bomba hadi ujue umetia maji kiasi gani.

Chukua kichupa chenye IU 5000. Ukikitia mililita 1 ya maji, kila mililita ina IU 5000, na dozi ya IU 1500 ni mililita 0.3, yaani mstari wa 30. Kichupa kilekile ukikitia mililita 2, kila mililita ina IU 2500, na dozi ileile sasa ni mililita 0.6, yaani mstari wa 60. Mtu aliyezoea mstari wa 30 akichanganya kwa mililita 2 amejipa nusu ya dawa. Aliyezoea mstari wa 60 akichanganya kwa mililita 1 amejipa mara mbili. Hesabu ni moja tu: gawanya jumla ya dawa iliyo kichupani kwa mililita za maji upate nguvu ya mililita moja, kisha gawanya dozi kwa nguvu hiyo. Mwombe mfamasia au muuguzi akuandikie kwenye karatasi kiasi cha maji na mstari wa kuvuta, na ukiongezewa dozi au ukibadilishiwa pakiti, karatasi ya zamani ichanwe.

Kagua na bomba lenyewe. Katika mabomba mengi ya insulini ya mililita 1, kila mstari mdogo ni yuniti mbili, lakini katika yale ya nusu mililita kila mstari mdogo ni yuniti moja, kwa hiyo anayehesabu mistari badala ya kusoma namba hukosea. Yapo pia mabomba yenye alama ya U-40, ambamo mstari wa 40 ndio mililita 1. Ukivuta hadi 30 katika bomba hilo umevuta mililita 0.75 badala ya 0.3, yaani mara mbili na nusu ya ulichokusudia. Bomba lako liwe na alama ya U-100, au bora zaidi liwe limeandikwa mililita.

Miligramu na mikrogramu nazo huchanganywa. Miligramu 1 ni mikrogramu 1000; koma ikikaa pasipo pake, dozi huzidi mara kumi au mara elfu.

Dozi ya mwisho kutotosha, kwa kawaida, husababishwa na majimaji yanayobaki kwenye shingo ya sindano inayochomoka. Kila dozi huacha kiasi kidogo, na kiasi hicho hujumlika. Mabomba ya insulini yenye sindano isiyochomoka hupoteza dawa kidogo kuliko hayo. Usikamilishe dozi kwa kuunganisha mabaki ya vichupa viwili.

Ukigundua kwamba umejichoma zaidi ya ulivyoagizwa, mpigie simu daktari wako siku hiyohiyo, na usiamue mwenyewe kuruka dozi inayofuata ili kufidia. Mwanamke anayetumia homoni za uzazi akipata tumbo kujaa na kuuma, kutapika, mkojo kupungua au pumzi kubana, aende hospitali bila kusubiri miadi. Kwa walio Tanga mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo hupokea wagonjwa wa dharura usiku na mchana.

Sindano inauma, inawasha au inaacha uvimbe

Maumivu ya dakika chache mara nyingi hutokana na dawa iliyo baridi au na spiriti iliyokuwa haijakauka juu ya ngozi. Acha bomba lililojazwa lipoteze baridi yake kwa dakika chache, pangusa ngozi kwa spiriti, kisha subiri ikauke yenyewe bila kuipuliza. Kuchoma mahali palepale kila siku huleta ugumu na uvimbe. Hamisha upande wa tumbo au paja kwa zamu. Alkoholi ya benzili yenyewe huweza kuchoma kidogo, na wengine huwashwa nayo. Kuwashwa kukirudi kila sindano na eneo likizidi kupanuka, mwambie daktari, isije ikawa ni mzio.

Wekundu unaosambaa, joto, usaha, au homa baada ya siku moja au mbili ni dalili za maambukizi. Usiminye, usitumbue, na usinunue antibayotiki kwa kukisia. Nenda zahanati au kituo cha afya.

Uso, midomo au ulimi vikivimba, pumzi ikikata, mwili mzima ukitoka vipele au mtu akizimia muda mfupi baada ya sindano, hiyo ni dharura ya kufa na kupona. Mlaze chali, umwinulie miguu ikiwa anapumua vizuri, umfikishe hospitali kwa usafiri wowote wa haraka ulio karibu. Dawa isichomwe tena hadi daktari aseme.

Dawa ilipata joto, au iliganda

Dawa nyingi za aina hii hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi baada ya kuchanganywa, na nyingine hata kabla. Tanga, wakati wa kaskazi, joto la mchana hupita nyuzi 30 na chumba cha bati hupita hapo sana. Kisababishi kikuu ni safari. Dawa nyingi huagizwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa basi kupitia Chalinze na Segera, njia ya takriban kilomita 350, na mzigo uliowekwa kwenye buti hukaa kwenye joto safari nzima. Omba kifurushi kiwe ndani ya kisanduku cha baridi chenye barafu za kufunga, vichupa vikiwa vimezungushiwa kitambaa au karatasi nene ili visigusane na barafu. Kichupa kilichogusana na barafu huweza kuganda huku mpokeaji akifurahi kwamba kimefika kikiwa baridi.

Nyumbani, friji ndogo za mlango mmoja hugandisha karibu na kisanduku cha barafu na hupata joto mlangoni, kwa hiyo mahali pazuri ni rafu ya katikati, ndani ya kikopo chenye kifuniko, pamoja na kipimajoto cha bei nafuu. Umeme ukikatika, usifungue friji. Ikifungwa hushikilia baridi kwa saa chache. Mtungi wa udongo haufai kwa kazi hii. Maji ya mtungi hupoa kwa mvuke unaotoka, na hewa ya pwani yetu tayari imejaa unyevu, kwa hiyo hauwezi kushuka hadi nyuzi 8.

Dawa iliyochanganywa ikaganda barafu itupwe hata kama imeyeyuka na kuonekana angavu. Iliyopata joto kwa saa kadhaa isitupwe wala kutumiwa kwanza: andika ilikaa nje muda gani na kukiwa na joto gani, kisha mwulize mfamasia, kwa kuwa baadhi huvumilia na nyingine hazivumilii.

Kichupa hakina karatasi ya maelezo

Siku hizi huletwa dirishani vichupa vya peptidi vilivyonunuliwa mitandaoni, vya kupunguza mwili, kujenga misuli au kuponya majeraha, vikiwa na lebo ya jina na miligramu tu, na vingine vimeandikwa kwamba si kwa matumizi ya binadamu. Wanaovileta huuliza watie maji kiasi gani. Siwezi kuwapa hesabu hiyo, na sababu si ukali. Hesabu zote zilizotangulia husimama juu ya kuamini kwamba kichupa kina kile kilichoandikwa, kwa kiasi kilichoandikwa, na kwamba kilijazwa mahali pasipo na vijidudu. Dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba imepitia ukaguzi wa mambo hayo. Unga usio na karatasi haujapitia. Maji safi hayawezi kuusafisha unga mchafu, na hesabu sahihi haiwezi kurekebisha lebo ya uongo. Kama hujachanganya, usichanganye. Kama umekwisha kuutumia na unajisikia vibaya, mweleze daktari bila kuona haya, kwa sababu hatatibu vizuri asichokijua.

Katika shida yoyote iliyotajwa hapa, unapokwenda kwa mfamasia au hospitali, chukua kichupa cha unga, kichupa cha maji, bomba ulilotumia likiwa ndani ya chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, karatasi ya maelezo, na tarehe na saa ya sindano ya mwisho. Usivioshe wala usimwage kilichobaki. Dawa ikiwa ndiyo iliyoleta madhara, mwombe mhudumu ajaze fomu ya taarifa ya madhara ya dawa ya Mamlaka, akiandika namba ya toleo iliyo kwenye lebo, ili vichupa vingine vya toleo hilo vifuatiliwe.